Karatasi Isemayo Hana Mke

Nilikuwa nimechoka kabla hata sijaisoma karatasi ile. Nataka hilo lijulikane mapema, maana baadaye watu wa Jomvu walisema eti nilizimia. Sikuzimia. Nilikaa chini tu.

Mwaka huo wa sitini na mbili, miezi mitatu mizima, nyumba yetu ililala makaratasi ikaamka makaratasi. Mume wangu Barakat alikuwa amepata nafasi ya kwenda Uingereza, mji wa Leeds, kusomea shahada ya pili ya hesabu. Mimi nilidhani mtu akishapata nafasi huchukua sanduku lake akapanda meli. Kumbe! Kwanza pasi. Na pasi haitoki bila cheti cha kuzaliwa. Barakat alizaliwa hapa hapa Jomvu Kuu, mikononi mwa nyanya yake, na nyanya hakuwa na mhuri. Basi wakatafutwa wazee wawili waende mjini waape kwamba walikuwepo. Mmoja wao akaulizwa Barakat alizaliwa mwaka gani, akajibu ulikuwa mwaka wa nzige. Wakamwuliza, ndio mwaka gani huo? Akasema, "Ule walipokuja nzige, bwana." Wakarudishwa.

Kisha chanjo ya ndui. Kisha chanjo ya homa ya manjano. Kisha picha ya kifua, ionekane hana ugonjwa wa mapafu. Kisha barua ya tabia njema, kisha nakala za barua ya chuo, kila moja na mhuri wake, na kila mhuri na dirisha lake. Barakat alitoka alfajiri kwa miguu hadi barabara kuu, akapanda basi la Changamwe, akavuka Makupa, akasimama dirishani hadi adhuhuri. Jioni alirudi ama na karatasi moja, ama na "njoo kesho". Zaidi ilikuwa njoo kesho.

Karatasi zote aliziweka kwangu, ndani ya bati la biskuti, kwa sababu nilisoma hadi darasa la nane na mwandiko wangu ni mzuri. Fomu zake nilizijaza mimi. Ukiliandika jina la mtu mara arobaini, ama utalipenda ama utalichoka. Mimi nililipenda, naapa. Kilichochoka ni mkono.

Nasema mume wangu, na ni mume kweli. Nikaha yetu ilifungwa mwezi wa Rajabu, Maalim Yeslam akasoma hutuba, babangu akatoa mkono. Lakini nilikuwa sijatiwa nyumbani. Babangu, Bwana Aqil mwenye duka karibu na msikiti, aliweka sharti: Barakat aende, asome, arudi, ndipo harusi. "Simtii binti yangu nyumba ambayo mwenyewe yuko safarini," alisema, na babangu akisema amesema. Basi tukawa mke na mume wa kuonana sebuleni, mlango wazi, na mamangu Mwanatabu yuko ukumbini juu ya mbuzi yake, anakuna nazi na kukohoa. Tukicheka, anakohoa. Tukinyamaza, anakohoa zaidi. Siku Barakat aliponishika vidole nikimpa kikombe cha kahawa, mama alikohoa hadi jirani akapaza sauti kuuliza kama aletewe tangawizi.

Mama hakumtaka Barakat tangu mwanzo. "Mtu wa vitabu," alikuwa akisema, "mwili uko hapa, roho iko ukurasa wa pili." Mimi nilicheka. Nilikuwa nikicheka sana siku zile.

Meli ilikuwa Alhamisi. Jumatatu jioni Barakat alikuja na karatasi ya mwisho, akampa mama mlangoni, akasema mkono umemvimba kwa chanjo na anakwenda kulala. Hakungoja kuniona. Niliona ajabu kidogo, nikajiambia ni uchovu. Karatasi nikaitia batini bila kuitazama.

Jumanne adhuhuri babangu alirudi dukani, akavua kofia, akajinyosha kitini.

"Ruwaida!"

"Abee, baba."

"Ndoo hapa na lile bati. Nisomee, nisikie kama mambo yametimia."

Babangu Kiingereza hakijui. Kiarabu anasoma na kuandika, lakini karatasi za Kizungu alizipenda kwa masikio. Mimi nilisoma nikimfasiria, naye kila moja aliiitikia "Maashallah" kwa sauti ile ile anayoitikia Maulidi. Nikasoma pasi. Maashallah. Nikasoma kifua, kwamba ni safi. Maashallah. Nikaitoa ile ya mwisho, nikaanza kwa mbio mbio kwa sababu wali ulikuwa motoni.

"Mimi Barakat, mwalimu, mkaazi wa Jomvu Kuu, natamka kwa kiapo kwamba mimi ni..."

Nikanyamaza.

"Wewe ni nani?" akauliza babangu. "Endelea."

"Mwandiko hauonekani, baba."

"Imepigwa taipu hiyo. Naiona toka hapa."

Ningeweza kumdanganya. Ningesema: natamka kwamba sina deni la mtu. Angesema Maashallah, tungekula wali wetu, na Alhamisi meli ingeondoka. Lakini karatasi za mtu huyu nilizibeba miezi mitatu na zote zilikuwa za kweli, na sikuwa na nguvu ya kubeba moja ya uongo.

"Mato yako hayo uliyoyainamisha yananambia, mwanangu," akasema babangu polepole. "Soma."

"Natamka kwa kiapo kwamba mimi ni kapera, sina mke, wala hakuna mtu anayenitegemea."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Huko ukumbini mbuzi ya nazi ilinyamaza.

"Hana mke?" Mama alisimama mlangoni na kifuu mkononi. "Na huyu aliyekaa hapa ni nani? Kabati?"

"Katia sahihi?" akauliza babangu.

"Katia."

Babangu alivaa kofia yake tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa na mgeni wake. "Aitwe Maalim Yeslam baada ya alasiri. Na yeye mwenyewe aje."

Mama alinishika mkono akanitia chumbani. Alikuwa na hasira, lakini aliufunga mlango taratibu, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Sikiza, Ruwaida. Mwanamume kuandika hana mke si mchezo. Mwanamke aliyekwisha kutiwa nyumbani akiachwa talaka moja, ana eda, mumewe akijuta humrejea. Wewe hujaingia kwake. Wewe huna eda. Ukiachwa umeachwa, kama kamba ya ndoo imekatikia kisimani. Itatakiwa nikaha mpya, na babako wamjua. Hatatoa mkono mara mbili kwa mtu mmoja."

"Kwa hiyo sasa mimi ni mke au si mke?"

"Hilo alijue Maalim," akasema mama, akanifuta uso kwa upande wa leso yake. Sikujua kama nilikuwa nalia.

Baada ya alasiri walikuja. Mimi na mama tulisimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani, na tundu la pazia hilo nalijua tangu nikiwa mdogo. Barakat aliingia wa mwisho. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba, ameushikilia kifuani kama mtoto mchanga, na macho yalikuwa mekundu. Ghafla nikamwonea huruma, nikaikasirikia huruma yenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu babangu, kwa shida.

Maalim Yeslam ni mtu wa taratibu. Aliulizia hali za wote, akaulizia mkono, akasema chanjo ya pili huwa na homa. Ndipo akainyosha ile karatasi juu ya mkeka.

"Hii ni yako, Barakat?"

"Yangu, Maalim."

"Sahihi ni yako?"

"Yangu."

"Na mke unaye."

"Ninaye."

"Basi tueleze, baba. Hatukutii kitanzi. Tueleze."

Barakat aliushusha mkono uliovimba pajani. "Karani alinambia, mtu mwenye mke sharti alete barua ya benki, ionekane mkewe atakula nini miaka hiyo miwili. Kama hana ya benki, alete barua ya baba wa mke, aseme binti yuko kwake na yeye ndiye amlishaye. Akasema, lakini ukiwa kapera, tia sahihi hapa, uende zako."

"Ya benki huna," akasema babangu.

"Sina, baba."

"Na yangu hukuiomba."

"Niliona haya." Sauti yake ilishuka. "Nilikuja mara mbili hadi dukani niiombe. Mara ya kwanza nikanunua sabuni. Mara ya pili nikanunua viberiti. Nitakuambia nini wewe mkwe wangu? Andika kwa Wazungu kwamba mke wangu simlishi mimi, unamlisha wewe?"

"Kwani uongo? Hajaja kwako bado. Yuko kwangu, chakula chake juu yangu. Hiyo ni ada, babako alifanya hivyo na mimi nilifanya hivyo. Wajua mwenyewe."

"Najua. Lakini kuandikwa..."

"Ukaona haya kwangu," akasema babangu, "hukuona haya kwa Mwenyezi Mungu."

Nikazikumbuka zile sabuni na viberiti. Babangu alivileta nyumbani kwa maneno, akasema mkwe wake mtu mzuri, hapiti bila kununua kitu. Sote tulimsifu. Mjinga mkubwa we, nilisema moyoni, na karibu nicheke. Mtu anakubali kuwa kapera mbele ya serikali nzima kuliko kumwomba mkwewe barua moja! Wanaume wa Jomvu hao.

Maalim aliinua mkono. "Bwana Aqil, pole pole. Maandishi peke yake hayaachi mke. Yataka nia. Sasa, Barakat, nitazame. Ulipotia sahihi hapa, ulinuia kumwacha Ruwaida?"

Lilikuwa swali jepesi. Jibu lake neno moja, na kila mtu mle sebuleni alikuwa amekwisha kulipokea kabla halijatoka. Babangu mwenyewe alikuwa akitikisa kichwa kumsaidia. Mama alinibana mkono. "Aseme la," akanong'ona, "aseme la twende tukapike."

Barakat hakusema la.

Alikitazama kidole chake cha shahada, ambacho bado kilikuwa na wino. Nje mbuzi wa jirani alilia. Sema la, Barakat, nikamwomba nyuma ya pazia. Sema tu.

"Maalim," akasema mwishoni, "nikikwambia la, sitakuwa nimesema kweli. Nikikwambia ndiyo, pia si kweli. Nilikuwa nimesimama dirishani tangu saa mbili. Mkono ulikuwa unawaka. Nilikuwa nimekwisha rudishwa mara nne. Aliponambia kapera atie sahihi aende, nikatia, na pale pale nikahisi mzigo umenishuka. Mzigo upi, wallahi sijui. Pengine ni wa kuomba barua. Pengine ni wa... wa kuwa na mtu nyuma yangu ananingoja. Sijui, Maalim."

Iliniuma. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Iliniuma hapa kifuani, mahali ambapo picha ya hospitali ingeonyesha pako safi. Serikali aliidanganya bila kupepesa, na kwa Maalim ameshindwa kusema uongo mdogo wa kuniokoa! Na ubaya ni kwamba nilimpenda kwa hilo hilo, kwamba hawezi kumdanganya Maalim, na wakati huo huo nikataka kumtupia kifuu cha nazi.

Maalim Yeslam alipitisha tasbihi vidoleni, punje moja moja.

"Yakini haiondolewi na shaka," akasema. "Nikaha niliifunga mimi, kwa yakini, mbele ya mashahidi. Haiwezi kuvunjwa na sijui. Ndoa ipo. Lakini umeandika uongo, Barakat. Tubu kwa Mola wako, na kesho karatasi hii ukaibatilishe."

"Alhamdulillahi," akasema mama. Babangu aliegemea ukuta. Nilikuwa mke, sawa. Mke wa sijui.

"Ruwaida!" akaita babangu.

"Abee."

"Leta kalamu. Barua hiyo tuiandike sasa, kesho saa mbili awe nayo dirishani."

Nikajifunika vizuri, nikatoka. Nikaketi mkekani, karatasi juu ya bati la biskuti, kalamu mkononi. Na hapo ndipo nilipofahamu: barua ya kushuhudia kwamba mimi ni mke wa Barakat haina mtu mwingine wa kuiandika Kiingereza mle ndani. Yeye mwenyewe haifai aandike, mtu hajitolei ushahidi. Nisipoandika mimi, haiandikwi.

"Baba, naomba idhini nimuulize mume wangu neno moja."

"Mbele ya Maalim!" mama akasema toka nyuma ya pazia.

"Mwacheni aulize," akasema Maalim.

Nikamtazama Barakat. Naye aliniangalia, mara ya kwanza tangu Jumapili, na hakuondoa macho. Alikuwa amekonda. Mimi nilikuwa nikimwona kila jioni na sikuwa nimeona kwamba amekonda, kwa kuwa nilikuwa nikitazama karatasi.

"Mzigo ulioshuka," nikasema, "ulikuwa upi?"

"Nimesema sijui, Ruwaida."

"Hapo ulikuwa hujui. Sasa je?"

Alifikiri. Sitaki kumwongezea sifa, lakini alifikiri kweli.

"Maalim aliposema ndoa ipo, nilipumua," akasema. "Wewe uko nyuma ya pazia, hukuniona. Nilipumua mpaka mbavu zikauma. Mtu hapumui vile akirudishiwa mzigo. Ule ulikuwa wa kuomba barua. Nimejua sasa hivi, hapa."

"Umechelewa kujua."

"Nimechelewa."

"Na yale uliyosema kabla hujajua nimeyasikia. Hayatoki masikioni kwa maji ya udhu."

"Najua."

"Nimechoka, Barakat."

"Najua. Mimi pia."

Nikachovya kalamu.

Babangu akaanza kusema, nami nikageuza kwa Kiingereza nikiandika. Mimi Aqil, mwenye duka, wa Jomvu Kuu, nashuhudia kwamba Ruwaida binti yangu ni mke wa Barakat kwa nikaha ya sheria. Nashuhudia kwamba anakaa nyumbani kwangu. Chakula chake na nguo zake ni juu yangu, wala hatamlemea mtu yeyote huko ng'ambo. Atakaa kwangu mpaka...

Babangu akasita.

"Mpaka mumewe atakaporudi," akasema Barakat kwa adabu. "Karani alisema ndivyo wanavyotaka iandikwe."

Babangu alimtazama. Kisha akanitazama mimi, na akaendelea kunitazama, mpaka nikashusha macho kwenye wino. Mtu huyu alinisomesha hadi darasa la nane watu wakimcheka, wakimwambia binti hasomeshwi ili afunge hesabu za duka.

"Andika," akasema. "Atakaa kwangu mpaka atakapotaka mwenyewe kwenda kwa mumewe."

Barakat aliinua kichwa. "Mwenyewe nani, baba?"

"Yeye. Ruwaida. Wewe umekuwa na sijui yako, na tumekuvumilia. Na yeye awe na yake."

Maalim alivuta tasbihi yake. Nikaandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa nzuri ambazo karani yeyote angezisoma. Babangu akatia sahihi kwa Kiarabu, taratibu, kutoka kulia, akipuliza wino baada ya kila neno. Kisha akasimama na Maalim wakatoka barazani, maana magharibi ilikuwa inakaribia.

Nikaikausha barua, nikamnyoshea Barakat.

"Isome."

"Nitaisoma kwenye basi."

"Isome hapa. Ile nyingine ulitia sahihi ukiwa na haraka."

Akaisoma. Midomo yake ilisogea kidogo, kama kawaida yake akisoma jambo gumu. Alipofika mstari wa mwisho alirudi juu akausoma tena.

"Ruwaida. Miaka miwili si michache. Nikirudi, nitakuta umetaka?"

Ningemwambia ndiyo. Moyo ulikuwa nalo neno hilo, tayari kabisa, na ulikuwa nalo tangu Rajabu. Lakini nilichoka kuwa mimi peke yangu ninayejaza fomu.

"Niandikie barua," nikasema. "Nyingi. Mimi nitazisoma. Kusoma najua."

Akachukua karatasi kwa mkono ule mzima, na vidole vyake vikafunika vyangu, vikabaki. Tukanyamaza. Nikangoja mama akohoe, na yuko pale pale nyuma ya pazia, namsikia anavyovuta pumzi.

Hakukohoa.